Figo Isiyoombwa

Kaka yangu mkubwa nyumbani kwetu tunamwita Mwenyekiti. Hakuna aliyempigia kura. Baba alipofariki, yeye alikaa kwenye kiti cha baba, akakohoa, akaanza kugawa kazi, na tangu siku hiyo hajashuka. Mimi ni Kitinda, kwa kuwa ndimi kitindamimba wa mama, na ukiwa wa mwisho katika nyumba yenye Mwenyekiti, kazi yako kwenye kikao ni kufungua mlango na kuleta maji.

Nisieleweke vibaya. Kaka yangu si mtu mbaya. Amenilea, amenivisha, na nilipovunjika mkono utotoni alinibeba mgongoni mpaka hospitali huku akinikemea njia nzima. Ila ana tabia moja: anakujibia. Nilikuwa nimeanza chuo cha ualimu alipokuja kunitoa, eti duka letu la vifaa vya ujenzi linataka mtu wa kuaminika. Aliongea na mkuu wa chuo ndani, mimi niko nje nimeshika sanduku langu. Miaka ikapita, akaja fundi umeme mmoja kuniposa, mtu mpole, na mimi mwenyewe moyo ulikuwa umeshalainika. Mwenyekiti akampokea, akampa kiti, akamjibu. Mimi nilikuja kusikia kwa jirani kwamba nimekataa. Jirani akanipa hongera kwa msimamo wangu. Jamani!

Basi, figo za Mwenyekiti zikagoma. Zilianza taratibu. Miguu ikavimba, usingizi ukapotea, chakula akawa anakisukuma pembeni, na yeye, mtu anayewaamrisha wenzake waende hospitali kwa mafua tu, akawa anasema ni uchovu. Tulipomfikisha kwa daktari, figo zote mbili zilikuwa hoi. Akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Unakaa kwenye kiti kirefu, mrija mmoja unatoa damu, mashine inaichuja, mrija mwingine unairudisha, na ukitoka hapo umenyong'onyea kama nguo iliyokamuliwa. Ilimweka hai, hilo sikatai. Lakini tulimwona akiisha mbele ya macho yetu, na daktari wake hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: moyo wake ulikuwa umeanza kulemewa, mashine isingembeba miaka mingi, na kilichobaki ni apandikizwe figo ya mtu mwingine. Ya ndugu ndiyo bora zaidi.

Kikao kikaitishwa sebuleni. Kaka wa katikati ana kisukari, hafai. Mama umri umekwenda. Wifi, mke wa Mwenyekiti, alishapimwa mapema akaambiwa damu haziendani, na alilia siku nzima. Kila mtu akageuza shingo akanitazama mimi na trei yangu ya maji.

"Kitinda hana mume, hana mtoto wa kumsumbua, na afya anayo," wifi akasema. "Atatoa."

"Mungu ambariki mwanangu," mama akaitikia.

Nimeshabarikiwa, sijafungua mdomo. Mwenyekiti alikuwa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta, hakusema neno. Nikadhani ni ugonjwa. Nikawagawia maji, nikarudi jikoni, na huko jikoni ndiko nilikojiuliza kama kuna mtu atakayekuja kuniuliza. Hakuja mtu.

Nikapimwa. Damu zetu zikakubaliana vizuri sana, mpaka mtu wa maabara akatabasamu. Ndipo tukaitwa kwa daktari wa watoaji. Hapo hospitalini wana utaratibu wao: mgonjwa ana daktari wake, na anayetaka kumpa figo ana daktari mwingine kabisa, ambaye kazi yake ni kumlinda mtoaji, hata ikibidi kumlinda na ndugu zake mwenyewe. Sisi hatukujua hayo. Tulijua tunaenda kusaini.

Tulikwenda watatu, mimi, mama na wifi, tumevaa vizuri. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, sauti ya chini. Chumba kilikuwa kidogo, meza, sinki lenye bomba linalovuja, na ukutani mchoro wa figo mbili zilizoinamiana. Akanitazama mimi.

"Dada, usingizi wako ukoje?"

"Analala kama gogo," wifi akajibu.

"Una maumivu yoyote?"

"Huyu? Tangu utoto hata mafua hayamjui," mama akasema.

"Pombe unatumia?"

"Hata soda haimalizi," wakasema wote wawili, wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa mazoea.

Daktari hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Mama, na wewe dada, asanteni sana kwa kumsindikiza. Sasa naomba mtupishe."

Wifi akauliza watupishe kwenda wapi. Nje, daktari akasema, kuna benchi. Wifi akasema sisi hatufichani kitu. Daktari akasema amefurahi kusikia hivyo, nje kuna benchi. Wakatoka. Wifi akaacha mkoba wake juu ya kiti, na mimi ninayemjua nikajua kwamba hautapita muda atarudi kuufuata. Daktari naye hakuzaliwa jana. Aliubeba ule mkoba, akaufikisha mlangoni, akamkabidhi mwenyewe mkononi, akafunga mlango.

Akakaa. "Haya. Umekuja, au umeletwa?"

Mtu anaweza kukaa dukani akajibu watu kutwa nzima, misumari ipo, saruji ipo, rangi nyeupe imekwisha, halafu akaulizwa kitu kama hicho akawa bubu. Nikasema, "Kaka yangu anaumwa."

"Najua kaka yako anaumwa. Ana daktari wake, mzuri tu, anayemhangaikia. Mimi nakuhangaikia wewe."

Akanieleza. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Ni upasuaji, utaumia, utakaa wiki kadhaa bila kunyanyua kitu kizito. Watu wengi sana hutoa figo moja wakaishi vizuri na iliyobaki, lakini kuna wachache hupata matatizo, na kuna wachache zaidi, wachache mno, ambao hawaamki, na yeye hawezi kuniahidi mimi ni nani kati yao. Nitapimwa kila mwaka maisha yangu yote. Na figo yenyewe inaweza kukataliwa na mwili wa kaka yangu, ikaenda bure, bila kosa la mtu yeyote.

"Na kama sitaki?" Nilishangaa sauti imetoka wapi.

"Ukisema hutaki, nitawaita wale waliopo nje niwaambie upandikizaji huu hautawezekana. Basi. Sitasema kwa nini. Wakiuliza, nitawaambia sababu za hapa hazitoki hapa. Nao hawatajua maisha."

"Kaka yangu je?"

"Hata yeye. Na kila anayeingia huku anaambiwa maneno hayo hayo." Akavaa miwani, akaivua tena. "Usinijibu leo. Nenda nyumbani, kaa. Ukiwa na jibu, ndiyo au hapana, njoo peke yako."

Kule nje wifi aliuliza tumesema nini. Nikamwambia tumeongelea usingizi.

Nilirudi dukani, nikakaa nyuma ya kaunta yangu na lile jambo. Sitasema uongo: ile hapana ilikuwa tamu. Niliilamba kama pipi. Kusema hapana kwa Mwenyekiti, mara moja tu katika maisha, na asijue! Nilikumbuka sanduku langu pale nje ya ofisi ya mkuu wa chuo. Nilimkumbuka fundi umeme, ambaye sasa ana watoto wanne na kitambi. Nilimkasirikia kaka yangu kwa hasira ambayo sikujua kama bado ninayo, mpaka mteja mmoja aliyetaka bawaba za mlango akaniuliza kama amenikosea.

Na nampenda. Hilo nalo niliseme. Ananikera mpaka mifupani na nampenda, na hakuna siku hata moja ambayo kimojawapo kimekimaliza kingine. Nilipofikiria duka bila yeye kuingia asubuhi kunipangia upya mabati ambayo nilikwishayapanga, nililia mbele ya yule mteja wa bawaba, na yeye masikini akalipa akaondoka haraka.

Kilichoniamulia ni kile kile alichonipa daktari. Ningeambiwa lazima, ningetoa figo huku nimenuna, na ningenuna mpaka kufa. Lakini mlango ulikuwa wazi kabisa, hakuna wa kunishika, hakuna wa kunicheka, na mimi nikajikuta sitaki kutoka. Nikafunga duka mchana kweupe. Nikaenda hospitali peke yangu.

"Ndiyo," nikamwambia daktari. "Na nimekuja. Sikuletwa."

Akanitazama sana. Akaniuliza tena kwa njia nyingine, na kwa njia ya tatu, mpaka nikaanza kushangaa, nikamwambia, "Daktari, kwetu mimi huwa siulizwi, wewe sasa unanimalizia akiba." Hapo ndipo alipocheka.

Wiki iliyofuata tukaitwa sote. Mama alikuwa na kitambaa kipya kichwani. Kaka wa katikati aliomba ruhusa kazini. Mwenyekiti mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye mashine. Daktari wangu aliingia na daktari wake, wakakaa, na daktari wangu ndiye aliyeongea.

"Poleni na safari. Tumelitazama jambo hili kwa pande zote. Upandikizaji huu hautawezekana."

Sikuelewa. Nilingoja aendelee. Wifi akauliza kwa nini, daktari akasema sababu za hapa hazitoki hapa, na nikasikia maneno yale yale aliyoniahidi mimi yanatoka kinywani mwake kwa ajili yangu, wakati mimi nilisema ndiyo! Damu ikanichemka. Nikasubiri wenzangu watoke, nikarudi ndani bila kubisha hodi.

"Daktari, mimi nilisema nini?"

"Ulisema ndiyo. Nakumbuka vizuri."

"Vipimo vyangu vimeharibika?"

"Vipimo vyako ni vyako, hivyo naweza kukuambia. Viko safi, vyote."

"Sasa nini?"

Akaweka mikono yake mezani, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka. "Dada, kila mtu kwenye jambo hili aliingia chumbani peke yake. Kila mtu. Zaidi ya hapo sina ruhusa."

Nilitoka nikakaa kwenye benchi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwenye jambo lile, zaidi yangu, kulikuwa na mtu mmoja tu.

Nyumbani mambo yakawa mazito. Wifi ana binamu anayefua mashuka ya hospitali, na binamu huyo ndiye daktari wetu wa tatu. Akasema, hivyo ndivyo wanavyosemaga mtoaji akiogopa, wanamfichia aibu. Basi, nikawa nimeogopa. Wifi akaacha kunisalimia. Alipita mbele yangu na sufuria kana kwamba mimi ni kabati. Sikumlaumu sana, mwanamke anampoteza mume, ana haki ya kumchukia mtu. Kaka wa katikati akawa anakohoa kila nikiingia. Ningeweza kusema, "Mimi nilikubali, mumeo ndiye aliyekataa," na nilikuwa nalo mdomoni kila asubuhi. Nikawa nalimeza. Kama alikuwa amechagua kufa, sikutaka mkewe alisikie kutoka kwangu jikoni, kati ya vitunguu na maji ya kuoshea vyombo.

Lakini mama ndiye aliyenimaliza. Alikuja chumbani kwangu, akakaa kitandani, akanishika goti. "Mwanangu," akasema, "kama uliogopa, uliogopa. Ni mwili wako. Mimi nimekusamehe."

Nikasema, "Asante, mama." Ningesema nini? Nimewahi kupigwa, nimewahi kusingiziwa, lakini kusamehewa kosa ambalo hukulifanya, na mama yako, kwa upole ule, hilo lilinifika shingoni. Kesho yake nikachukua njia ya hospitali.

Nilichagua siku yake ya mashine kwa makusudi. Mwenyekiti ukimbana kwa maneno huinuka, husema "tutaliongelea", na huondoka. Siku hiyo alikuwa amefungwa mirija miwili, asingeweza kwenda popote.

Kilikuwa chumba kirefu chenye viti vya wagonjwa vilivyopangwa kwa safu, kila mmoja na mashine yake inayonguruma polepole. Wengine walilala, mzee mmoja alikuwa anasikiliza mpira kwenye redio ndogo. Kaka yangu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kifuani. Nilikuwa sijamtazama hivyo siku nyingi. Shingo ilikuwa imekonda, kola ya shati imebaki pana.

"Duka nani yuko nalo?" Hiyo ndiyo salamu yake.

"Limefungwa."

"Siku ya kazi?"

"Umeikataa figo yangu," nikasema.

Akatazama mashine. Akasema daktari wangu hakuwa na haki ya kuniambia. Nikamwambia daktari hakuniambia kitu, mimi nina akili zangu, na kama angekuwa amewahi kuzitumia kwa kitu kingine zaidi ya kuhesabu misumari angejua. Nesi akapita, akasema, "Dada, taratibu, kuna watu wamelala." Mzee wa redio akapunguza mpira ili asikie vizuri.

Nikashusha sauti. "Kwa nini, kaka?"

Damu yake ilikuwa inapita kwenye mrija karibu na mkono wangu, na mrija ule ulikuwa wa moto.

"Waliniingiza chumbani peke yangu," akasema. "Yule daktari wangu akaniuliza kama naikubali. Nikamwambia, swali gani hilo. Akaniuliza, huyo mdogo wako wewe umeongea naye? Nikasema kikao kilikaa. Akasema, sijauliza kikao." Akalivuta blanketi. "Kitinda, nilijaribu kukumbuka kitu nilichowahi kukuuliza. Chochote. Nilikaa pale nikatafuta. Chuo sikukuuliza. Yule kijana wa umeme sikukuuliza. Nimekuchukulia vya kutosha. Nikasema hiki nisikichukue. Nikamwambia daktari hapana, na asimwambie mtu."

Nilijua hapo nilitakiwa kulainika. Mtu mwingine angelainika. Mimi hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa ya moto, na nilimwinamia karibu kabisa ili nesi asinifukuze.

"Yaani umetubu kuniamulia," nikamwambia, "kwa kuniamulia tena?"

Akanitazama.

"Mimi niliulizwa, kaka. Na yule daktari. Peke yangu, mlango umefungwa, na nikaambiwa nikisema hapana hakuna atakayejua mpaka kaburini. Nikaenda, nikafikiri, nikarudi kwa miguu yangu nikasema ndiyo. Ni kitu cha kwanza nimejiamulia tangu baba afe. Na wewe, hukuniuliza, umekikataa kwa niaba yangu. Chuo ulichukua. Mume ulichukua. Vyote hivyo sikukupa, ulijichukulia. Hiki peke yake ndicho nakupa mwenyewe, na hiki ndicho hukitaki?"

Redio ya yule mzee ilikuwa imezimwa kabisa. Kaka yangu alifunga macho, na machozi yakatoka hivyo hivyo macho yakiwa yamefungwa, yakashuka mpaka kwenye kola. Mwenyekiti. Mbele za watu. Sikuwahi kuyaona hata siku ya kumzika baba.

"Sasa nifanyeje?" akasema.

"Niulize."

Akajifuta kwa mkono usio na mirija. Akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao. "Kwa hali ilivyo sasa, na ukizingatia kwamba familia..."

"Hiyo ni hotuba."

"Kitinda, wewe unajua mimi..."

"Hilo si swali, kaka."

Alijaribu tena, akakwama. Nilimwona anatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo gizani, mtu ambaye maneno hayajawahi kumpungukia. Aliogopa. Alijua sasa kwamba naweza kukataa, na mimi nikajua kwamba anajua, na hakuna mtu mwingine yeyote kwenye chumba kile aliyeweza kumjibia.

"Mdogo wangu," akasema, "naomba figo yako. Utanipa?"

Mashine zikaendelea kunguruma. Akasubiri. Aliona kimya kimekuwa kirefu, akadhani sikusikia, akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya watu asiowajua. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza. Nilikuwa namwitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, ila nilikuwa nalia sana na uso nimeufunika, na yeye hakuweza kuona.